Hatua Moja Chini

Gitega, mtaa wa Magarama
4 Februari 2024

Kaka Bonifasi mpendwa,

Amahoro. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Ursula na watoto, na kwamba mvua za huko Muyinga hazijaozesha maharage yenu. Sisi huku hatujambo. Mume wangu Venansi anakohoa kama kawaida yake na anakataa dawa kama kawaida yake. Shuleni bado nafundisha Kiswahili, na wanafunzi bado wananicheka kwamba naongea kama redio ya Tanzania.

Usinune kwa kuwa nimeacha kukupigia simu. Mara ya mwisho nilikuuliza habari za mbuzi, ukanijibu bei ya sementi. Basi nimerudi kwenye karatasi. Sefu ataileta kwenye lori lake pamoja na magunia ya watu, akipata mafuta.

Sasa kaa chini. Nimeanza tena kupiga klarineti, na si chumbani peke yangu. Napiga na watu!

Kuna Mkongo mmoja wa Bukavu, anaitwa Baguma, anauza vitenge hapa sokoni. Mchana ni mita na bei, jioni ni fidla. Amekusanya watu wazima waliojifunza ala utotoni wakaziacha, na kila Jumamosi tunakutana kwenye ukumbi wa parokia. Dorcas, mwalimu mwenzangu, anapiga kinanda. Esdras wa duka la dawa anapiga filimbi. Wengine wana fidla. Dorcas ndiye aliyenitaja, nami nikaenda kuitoa klarineti chini ya kitanda, ile uliyonifundishia kambini Ulyankulu. Maungio yalikuwa yamekauka kabisa, nikayapaka mafuta ya mgando. Ulimi wa mwanzi wa kupulizia ulibaki mmoja tu usiopasuka.

Nilianza na kile ninachokijua hata usingizini, ule wimbo wako wa mavuno. Baguma alifumba macho. Akauliza nani aliutunga, nikasema kaka yangu, kiongozi wa bendi yetu ya kanisa huko Tanzania. Akaomba karatasi, akawapa na wenzake nota zilezile, akasema tuupige wote.

Kaka, ungekuwepo ungetoka mbio. Ilikuwa vurugu tupu! Baguma akapunga upinde wa fidla: "Simameni, simameni kwanza! Mama Adventina, we uko chini. Sisi bote tuko hapa, we uko kule peke yako. Anza tena." Nikaanza tena, mambo yakawa yaleyale. Akamwambia Dorcas apige do, nami nipige do. Tukapiga. Do yangu na do yake ni kama ndugu waliogombana, zinakaa jirani na hazisalimiani.

Sielewi. Nikipiga peke yangu niko sawa, na wewe ndiye uliyenifundisha nikajua kwamba niko sawa. Nikipiga nao nimekosea. Je, ni mimi, ni klarineti, au ni wao? Ulyankulu nilikaa katikati ya tarumbeta na tuba zenu tangu utoto, na hakuna hata siku moja mtu aliyeniambia niko chini.

Tutapiga mbele ya watu Jumapili baada ya Pentekoste. Baguma amesema kwa upole kwamba nisipopatana nao, siku hiyo nitakaa mbele nisikilize. Sitaki kukaa nisikilize, kaka. Nimekuwa wa kusikiliza tangu tulipovuka mpaka kurudi nyumbani, na nimechoka. Nishauri.

Mdogo wako,
Adventina


Muyinga
25 Februari 2024

Mdogo wangu Adventina,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Wote wazima, isipokuwa jogoo, ambaye tulimla Jumapili. Barua yako ilichelewa kwa sababu Sefu alilala kwenye foleni ya mafuta mpaka akaanza kupika palepale. Kuhusu simu, ni sikio la kulia tu limechoka. La kushoto liko imara, usiwe na wasiwasi.

Nimefurahi kwamba umerudi kwenye kupiga. Nilidhani ile klarineti ulishaiuza.

Tatizo lako nimelijua nikiwa bado kwenye mstari wa kwanza. Si wewe. Ni chombo. Bomba likiwa refu sauti huwa chini, bomba likipungua sauti hupanda. Unakumbuka tarumbeta ya Godfrey, ilivyobonyea alipoanguka nayo kwenye baiskeli? Tulikata bomba, tukaunga, ikarudi kupatana na wenzake. Mti ni hivyohivyo. Umelala chini ya kitanda miaka yote hiyo, umelowa na kukauka, bila shaka umevimba.

Kile kipande kifupi cha juu, kinachobeba mdomo, kipeleke kwa seremala mwenye msumeno mwembamba. Akate upana wa kidole kidogo. Asikate zaidi, na asikate sehemu yenye matundu. Usiogope. Mimi nimetengeneza vyombo vya watu tangu ukiwa hujui kufunga kamba za viatu.

Ule wimbo wa mavuno uache. Ni mambo ya Ulyankulu yale. Watu wa Gitega wana nyimbo zao, na za kisomi. Huyo Baguma aliona aibu tu kukwambia ukweli.

Mwambie Venansi anywe dawa.

Kaka yako,
Bonifasi


Gitega
16 Machi 2024
(Hii naiandika ili nipumue. Sidhani kama nitaituma.)

Kaka,

Nimefanya ulivyosema. Nilikipeleka kipande kwa Fredi, seremala wa hapa Magarama anayetengeneza milango. Alikigeuzageuza, akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamwambia kaka yangu ndiye fundi wa mambo haya. Akakata vizuri sana, akapiga na msasa.

Nikaiunganisha palepale dukani, nikapuliza. Zile nota za vidole vichache zilipanda sana, na zile za vidole vyote zikabaki karibu palepale zilipokuwa. Sasa klarineti inagombana yenyewe kwa yenyewe. Zamani nilikuwa sipatani na Dorcas tu. Leo nikipanda ngazi ya nota nane nafika juu nikiwa mtu mwingine.

Jumamosi nilikwenda hivyohivyo. Baguma alisikiliza, akaweka fidla mapajani. "Mama, mbele ulikuwa chini. Sasa sijue uko wapi." Esdras alicheka, kisha akaona uso wangu, akaacha. Nilirudi nyumbani kwa miguu ili nisipande pikipiki nikilia mgongoni kwa mtu.

Na kuna jambo linanikaa kooni ambalo siwezi kukuuliza. Kama klarineti hii ilikuwa chini, na ndiyo hiihii niliyopiga nanyi, na nilipatana nanyi, basi sote tulikuwa chini. Kwenye harusi zote zile, kwenye mazishi ya baba. Wewe ukiwa mbele na ile fimbo yako, umenyooka, na watu wa vijiji vingine wanakuja kusikiliza. Je, tulikuwa tunapiga vibaya miaka yote, na hakuna aliyetuambia? Au walijua wakatuhurumia, kwa kuwa tulikuwa wakimbizi?

Sitaki iwe hivyo. Lakini nikilala naliwaza, na nikiamka nalikuta liko palepale.

Nikikuandikia kwamba ulichosema kimeiharibu klarineti, utasema ni uzee. Utasema hujui kitu tena. Nakujua. Hapana, hii haitatumwa.

Adventina


Gitega
18 Machi 2024

Kaka mpendwa,

Amahoro. Sisi wazima, Venansi amekunywa dawa nusu chupa kwa sababu nilimwambia umeagiza wewe.

Fredi seremala amekata kile kipande kama ulivyoelekeza. Mambo yamebadilika sana, na Baguma hasemi tena kwamba niko chini. Asante kwa ushauri. Naandika kwa haraka, Sefu ananisubiri.

Msalimie wifi.

Mdogo wako,
Adventina


Muyinga
21 Aprili 2024

Mdogo wangu,

Tumshukuru Mungu. Barua yako ilikaa siku nyingi kwa Sefu, gari likiwa halina mafuta, lakini ilipofika niliisoma nikaisoma tena. Ursula aliniuliza nacheka nini. Nikamwambia, bado mimi ni fundi.

Nakwambia ukweli, nilipotuma ule ushauri nilikuwa na mashaka. Tangu turudi sijashika chombo chochote. Hapa Muyinga wananijua kwa baiskeli, mtu akipasukiwa na mpira ndipo anapokumbuka jina langu. Nilidhani vile vitu vimenitoka. Kumbe havijanitoka.

Kwa hiyo nimeamua. Siku mtakayopiga, nitakuja. Nimeshapatana na Sefu, tutapitia Karuzi, na hata kama itabidi nikae juu ya magunia, nitakaa. Nataka nisikie mwenyewe ilivyopanda. Niwekee kiti cha mbele.

Kaka yako,
Bonifasi


Gitega
13 Mei 2024

Kaka mpendwa,

Habari za safari yako zimetufurahisha mno. Venansi tayari amepaka rangi mlango, anasema shemeji asije akadhani nimeolewa na mvivu. Pole, nimechelewa kujibu. Nilikuwa na mambo kichwani.

Njoo. Kiti cha mbele kipo, kando ya mke wa Baguma. Nitapiga, kaka, sitakaa nisikilize. Kosa limepatikana, na halikuwa pale tulipolitafuta. Nitakueleza uso kwa uso, maana ni habari ndefu na ni habari njema, na nataka nikuone unavyoisikia.

Na kuna wimbo wa mwisho ambao sikuambii. Vaa lile koti lako la bendi kama bado linafunga.

Mdogo wako,
Adventina


Muyinga
9 Juni 2024

Mdogo wangu Adventina,

Tulifika salama. Ursula amepokea kitenge, amekipenda, na anamshukuru Baguma kwa kupunguza bei. Koti langu lina vumbi la Karuzi mpaka ndani ya mifuko.

Nimekaa na kalamu hii tangu asubuhi. Ngoja niandike tu.

Sikio la kushoto nalo limekwenda. Lilianza kuondoka mwaka juzi, na mwaka huu limemaliza. Sikutaka ujue, maana ungeanza kuniandikia kwa herufi kubwa kama watoto wa chekechea. Ursula naelewana naye kwa mikono. Wateja wa baiskeli wananionyesha tundu, inatosha.

Nilidhani nikikaa mbele kabisa, karibu, nitapata kitu. Sikupata. Hata ngoma ya mlangoni niliiona tu.

Lakini nina njia yangu. Mtu akipiga chombo ninachokijua, nikiangalia vidole vyake nausikia wimbo kichwani. Klarineti naijua, na vidole vyako nilivifundisha mwenyewe. Nikasema, basi nitamsikia mdogo wangu, wengine hata nikiwakosa si neno.

Adventina, vidole vyako sikuvielewa. Tangu mwanzo mpaka mwisho vilikwenda mahali ambapo sipajui. Kichwani nilisikia vurugu, nyimbo ambazo hazifanani na kitu. Mwanzoni nilidhani umesahau nilichokufundisha. Kisha nikaona husiti, unakosea kwa uhakika, na wenzako hawakuangalii kwa ubaya. Yule mama wa kinanda alikuwa akitabasamu. Nikaona pia kwamba pale tulipokata umejaza na mpira wa baiskeli. Nikajua kuna kitu hakikwenda sawa.

Halafu ule wimbo wa mwisho. Ulisimama ukasema maneno. Mkapiga. Watu wakainuka, mke wa Baguma alikuwa akifuta machozi kwa kanga. Wewe ukanyoosha mkono upande wangu, na ukumbi mzima ukageuka ukawa unapiga makofi. Niligeuka nyuma kuangalia ni mkubwa gani ameingia. Nyuma yangu palikuwa na ukuta.

Mlangoni ulinieleza jambo refu, umenishika mikono yote miwili, na machozi yanakutoka. Mimi nikaitikia ndiyo, ndiyo, kumbe sikupata hata neno moja. Kisha Sefu akatuita. Njia nzima nilikuwa najiuliza umenieleza msiba au furaha.

Sasa niandikie. Kosa lilikuwa nini? Na ule wimbo uliowainua watu ni upi, nani aliutunga? Ningependa kuujua. Ulionekana kuwa wimbo mzuri.

Kaka yako,
Bonifasi


Gitega
23 Juni 2024

Kaka yangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa. Nimekasirika kidogo na nimelia sana. Miaka miwili umenificha sikio lako, kaka! Sitakuandikia kwa herufi kubwa. Lakini nami nilikuficha jambo, basi sina haki ya kukulaumu.

Kukata hakukufaa. Klarineti iliharibika, nami nikakuandikia maneno ya kuzungukazunguka ili usijione umezeeka. Ule mpira wa baiskeli niliujaza mwenyewe kurudisha urefu uliokuwepo, na umeshika vizuri. Hilo limekwisha, tusilirudie.

Nilichokueleza mlangoni ni hiki. Baguma alimpigia simu mwalimu wake wa zamani Bukavu, akamweleza habari zangu. Jumamosi iliyofuata alikuja kwangu kabla hata ya kufungua sanduku la fidla. "Mama, mi naomba pardon. Klarineti ya aina yako njo vile banaitengenezaka. Ukisoma do, yenyewe inatosha sauti moja chini. Haiko kosa yako, haiko ya ule mti."

Umeona, kaka? Ilizaliwa hivyo. Do yake iko hatua moja chini ya do ya kinanda, na kiwandani walijua. Nikamuuliza, na tarumbeta je? Akasema hivyohivyo. Baritoni? Hivyohivyo. Na tuba kama ile yetu pia. Bendi yetu nzima ilikuwa na vyombo vya namna moja, kwa hiyo tulipatana, na kanisani kwetu hapakuwa na kinanda cha kutubishia. Hatukupiga vibaya hata siku moja. Kwenye mazishi ya baba tulikuwa sawa. Watu wa vijiji vingine hawakuja kwa huruma, walikuja kwa kuwa bendi yako ilikuwa nzuri. Nilitaka kuuona uso wako ukilisikia hilo, nikauona unaitikia ndiyo, ndiyo, nami nikafurahi bure.

Ili nipatane na wenzangu hapa, ilibidi nota zangu zote zipandishwe hatua moja. Baguma aliziandika upya, nami nikajifunza vidole vipya, usiku na mchana, mpaka Venansi akahamia sebuleni. Ndiyo maana hukuvielewa. Uliona vidole visivyo vya kwako.

Sasa wimbo wa mwisho. Ndani ya bahasha hii kuna karatasi niliyopigia siku ile. Chukua kila nota uishushe hatua moja nzima, kisha uipige kwa vidole juu ya chochote ulicho nacho, pampu ya baiskeli inatosha. Nenda polepole, kuna watu waliosimama kwa ajili yake.

Juu ya karatasi Baguma alikuwa ameandika jina la mtunzi kwa wino mwekundu. Nimelikata kwa mkasi. Litafute mwenyewe, kaka, na ukilipata, niandikie.

Msalimie wifi Ursula, na watoto.

Mdogo wako,
Adventina